Mpini wa Mti wa Kahawa

Siku ya kwanza nilipopimwa shabaha ya bastola pale Tunduma nilipiga risasi sita, na hata moja haikugusa ubao. Ya tano iliingia ardhini hatua chache mbele yangu ikatimua vumbi, na askari waliochuchumaa nyuma wakaangua kicheko. Niliweka silaha mezani, mtutu ukielekea kilimani kama tulivyofundishwa, nikaangalia shina la kidole gumba changu. Lilikuwa limevimba na kuwa jekundu.

Ilikuwa wakati wa vita ya Kagera. Vijana wengi wa kituo chetu walikuwa wamepelekwa huko, wakabaki wazee, wawili watatu wenye afya mbovu, na mimi, mwanamke pekee. Kazi yangu kwa miaka minne ilikuwa kupekua kina mama waliovuka kutoka Zambia na kurudi, na kuandika taarifa. Sasa mkuu wa kituo alitaka mtu wa kusimama zamu kwenye kizuizi cha barabarani, mwenye silaha kiunoni, na hakuwa na mtu.

Aliniita ofisini jioni ile.

"Nakupa mwezi mmoja," alisema. "Ukipata nne katika sita, unashika zamu kizuizini kama askari mwingine yeyote. Ukishindwa, unakaa mezani na kitabu cha taarifa mpaka wenzako warudi."

"Ndiyo, afande."

"Na usiniambie macho. Nimekuona unasoma namba za malori kabla hayajafika hata kwenye kona."

Nilitoka nikiwa na hasira, ila sikujua nimkasirikie nani. Kizuizi kile nilikuwa nakitaka. Nilikuwa nimechoka kuitwa kutoka chumba cha nyuma mama fulani anapotakiwa kupekuliwa, kisha kurudishwa chumba cha nyuma.

Aliyenisaidia alikuwa sajini mtunza silaha. Alikuwa mtu wa Tabora, mzee wa swala tano, askari tangu enzi za Mwingereza, na vita hii walikuwa wamemwacha kwa sababu ya goti. Ghala lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo na harufu ya mafuta. Asubuhi iliyofuata aliniita, akatoa bastola ile ile, akafungua lile gurudumu dogo linaloshika risasi, akanionyesha matundu yote sita ni matupu.

"Shika kama jana, mwanangu."

Nikashika.

"Mtutu unaelekea wapi?"

Niliangalia. Mkono wangu ulielekea mlangoni, lakini mtutu ulielekea kwenye kabati.

"Sasa shika vizuri. Mpini ukae katikati ya gumba na kidole cha shahada."

Nikashika hivyo, na mtutu ukanyooka na mkono. Lakini kidole cha shahada kiligusa kifyatulio kwa ncha tu, kwenye ukucha. Ili nikivute, ilinibidi nizungushe kiganja, na mpini ukahamia juu ya mfupa wa gumba. Sajini akaweka kiganja chake juu ya changu. Vidole vyangu viliishia kwenye pingili yake ya mwisho.

"Macho huna tatizo nayo," alisema. "Silaha hii ilitengenezewa mwanaume wa Ulaya mwenye mikono kama makasia. Ukivuta, unaisukuma pembeni. Ikilipuka inakupiga mfupa, na mwili wako umeshajua itakupiga, kwa hiyo unaikwepa kabla haijalia."

"Sasa nitafanyaje, afande? Mkono hauwezi kukua."

Alichukua bisibisi. Pembeni mwa mpini kulikuwa na skrubu moja tu. Alipoitoa, vibao viwili vya mbao vilianguka mezani, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, na ndani yake kukabaki kiunzi cha chuma chembamba kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimebeba silaha ile mara nyingi na sikuwahi kujua kwamba unene wake ulikuwa mbao tu.

"Chuma hatukigusi," alisema sajini. "Vibao hivi nitavihifadhi, siku ukihama virudi mahali pake. Tutafute vingine."

Alikwenda kwa mkuu kuomba ruhusa. Mkuu alikubali kwa sharti kwamba silaha yenyewe isitoke nje ya ghala ila kwenda kwenye shabaha.

Vya kwanza vilikuwa humo humo ghalani, vyeusi, vya bastola nyingine iliyoharibika. Vilikuwa vyembamba na kidole changu kilifika kwenye kifyatulio bila shida. Nilifurahi, nikasema basi, tumemaliza. Sajini aliniambia nifumbe macho, niinue mkono, niteremshe, niinue tena, mara kumi. Mara ya kumi kidole changu cha mwisho kilikuwa kinaning'inia hewani na kile cha jirani yake kinateleza. Vibao vilikuwa vifupi. Mpini mzima nilikuwa nimeubana kwa vidole viwili.

"Usichague kwa kushika mara moja," alisema. "Mara ya kwanza kila kitu kinapendeza."

Vya pili nilivitafuta mwenyewe. Karibu na maegesho ya malori alikuwapo fundi seremala hodari wa vitanda na makabati. Nilimpelekea kipande cha boksi ambacho sajini alichorea umbo la kile kiunzi na mahali pa kifyatulio, akaandika na unene wake. Fundi alinichongea vibao vya mpingo, akavisugua kwa nta mpaka ukaweza kujiona uso. Sijawahi kumiliki kitu kizuri kama vile. Vilikuwa vyembamba kila upande, laini kama kijiko. Nilivipeleka kwenye shabaha kwa kiburi kidogo, naungama. Risasi ya kwanza iligonga ubao chini kabisa. Ya pili, mpini uliruka na kuzunguka ndani ya kiganja kama sabuni. Ya tatu sikuona ilikokwenda. Sajini akanisimamisha, akasema risasi tatu zilizobaki tuziache.

Wiki mbili zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa na siku nne za likizo, na sikuwa na wazo jingine, nikaamua kwenda nyumbani Ibaba.

Niseme kuhusu baba yangu. Alikuwa mkulima, lakini zaidi ya hapo alikuwa mchonga mipini ya majembe na mashoka, na watu walivuka milima kuifuata. Nilipojiunga na polisi hakunikataza. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kukadumu. Watu wakimuuliza binti yako yuko wapi, alijibu, "Yuko serikalini," na kuhamisha mazungumzo. Mama ndiye aliyeniambia. Sare yangu sikuwahi kuivaa nikiwa kwetu.

Nilipanda basi hadi Mpemba, kisha lori la ushirika lililokuwa linapeleka mbolea Ileje, na sehemu iliyobaki nilitembea kwenye ukungu. Kwenye kikapu, chini ya sukari niliyompangia mama foleni, nilikuwa nimefunga vile vibao vya mpingo na kile kipande cha boksi katika kitambaa.

Siku mbili sikuvitoa. Siku ya tatu nilimkuta baba nje, amekaa kwenye kigogo, anachonga mpini kwa tezo. Nilikaa karibu yake, nikafungua kitambaa, nikaviweka juu ya mabaki ya mbao.

Aliangalia bila kugusa.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya mpini, baba. Wa bastola ya kazini."

Aliendelea kuchonga kidogo. Kisha akauliza kwa Kindali, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua: "Una shida gani navyo?"

Nikamweleza yote: vicheko, kidole, mfupa wa gumba, mwezi mmoja wa mkuu, mpini ulioteleza. Sikuwa nimezungumza naye kwa kirefu vile tangu nikiwa shule ya msingi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kibao kimoja, akakipitisha kwenye kidole gumba chake.

"Kazi nzuri," alisema. "Ya kabati."

Aliniambia nilete jembe la mama. Nilipolileta, akaniambia nilishike, niinue kama nataka kulima. Alinizunguka akaangalia mkono wangu, akanyoosha kidole nilipokuwa nimeshika.

"Mpini wa mama yako nilipunguza hapa tu, gumba linapokutana na vidole. Hapa chini, kiganjani, niliacha unene. Mkono mdogo si mkono uliokonda kila mahali. Ni mfupi wa vidole, lakini kiganja kina tumbo lake na tumbo hilo linataka kujazwa. Huyu fundi wako amekata kila upande. Kiganja hakina cha kushika, ndiyo maana kinazunguka."

Alisimama, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kisiki cha mti wa kahawa aliokuwa ameung'oa mwaka uliopita kwa kuzeeka. Ni mti mgumu, wenye nyuzi zilizobana. Kwanza alichonga kipande bapa chenye unene wa kile kiunzi cha chuma, kwa kufuata kipimo cha boksi, ili awe na kitu cha kubandikia, akachomeka kijiti mahali pa kifyatulio. Kisha akachonga vibao. Kila baada ya muda aliniita.

"Shika."

Nilishika.

"Kidole kinafika?"

"Kinafika kwa ncha."

Alipunguza nyuma, unene wa ganda la yai. "Na sasa?"

"Sasa kinafika kwa nyama."

"Hiki cha mwisho?"

"Kinabeba."

Mama alitoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi akitutazama. Hakuuliza kinachotengenezwa. Alisema tu kwamba chakula kinapoa, na alisema hivyo mara tatu.

Baba hakuweka nta. Alichukua kisu akachora mistari midogo iliyokatizana, mahali pa kiganja tu, mpaka pakawa pakavu na pa kukwaruza kidogo, kama ulimi wa ng'ombe. Jua lilikuwa karibu kuzama alipoviweka mkononi mwangu.

"Hao waliocheka," alisema, "bado wapo?"

"Wapo, baba."

"Haya."

Kesho yake alinisindikiza hadi barabarani, na jirani mmoja alipotupita na kumuuliza nakwenda wapi mapema vile, baba alijibu, "Anarudi kazini. Ni askari, Tunduma."

Sajini alipoviona alivigeuza mkononi kwa muda mrefu. Alitoboa tundu la skrubu, akapiga tupa kidogo kwenye ukingo mmoja, akavifunga. Akaniambia nifumbe macho na kuinua mkono mara kumi. Nilipofumbua mara ya kumi, mtutu ulikuwa umenyooka kama ambavyo kidole changu kingenyooka chenyewe.

"Nani kachonga?"

"Baba yangu, afande. Mchonga mipini ya majembe."

"Ametuacha mbali," alisema.

Siku ya kupimwa walikuja wale wale kuchuchumaa nyuma. Upepo wa Tunduma ulikuwa unavuma na ubao unatikisika. Risasi ya kwanza ilienda juu ya ubao, kwa sababu niliogopa. Sajini alikuwa amesimama pembeni, hakuruhusiwa kusema neno, akakohoa. Nilishusha mkono, nikapumua, nikahisi mistari ile kwenye kiganja. Nikapiga ya pili, ikaingia. Ya tatu ikaingia. Ilipolia haikuniumiza, ilinisukuma kiganja chote kama mtu anavyokusukuma kwa kukutania, na nilijikuta nasubiri nyingine badala ya kuiogopa. Nilipata tano.

Mkuu wa kituo alikwenda mwenyewe kuhesabu matundu. Alirudi akanyoosha mkono, akaomba aione bastola. Alijaribu kuishika akashindwa, mkono wake mkubwa ukapita vibao na kujikunja nje.

"Hii sasa hainifai," alisema.

"Hapana, afande."

Akacheka, na wote wakacheka, na safari hii nami nilicheka.

Nilishika zamu kizuizini Jumatatu iliyofuata. Kwa miaka yote niliyokaa pale niliitoa bastola ile mara mbili tu, na sikuwahi kumpiga mtu, namshukuru Mungu. Lakini nilisimama kizuizini mchana kweupe, nikaangalia malori yaliyobeba shaba yakipunguza mwendo kwa kunyoosha mkono wangu, na madereva wa Kizambia wakajifunza kuniamkia kwanza kabla ya kutoa karatasi zao.

Vita ilipokwisha wenzetu walirudi, si wote, na pamoja nao tuliletewa askari wapya wawili wanawake, mmoja wa Iringa na mwingine wa Singida. Mkuu hakuuliza kitu. Aliwaelekeza kwa sajini, na sajini akawaelekeza kwangu. Nilimwandikia baba barua kwamba nao mikono yao ni midogo, na kabla jibu halijafika akafika mwenyewe, kwa lori, na begani mzigo wa mipini ya majembe ya kuuza sokoni na kisiki kingine cha mti wa kahawa ndani ya gunia.

Alikuwa hajawahi kuniona katika sare. Alisimama ng'ambo ya barabara mpaka nilipomaliza na lori nililokuwa nalikagua, ndipo akavuka. Nilimwamkia, nikampeleka kwenye benchi nje ya kantini, nikawaita wale mabinti. Walikuja kwa aibu, hawakujua wasalimie vipi. Baba alitoa kalamu ya risasi na karatasi za daftari, akaziweka juu ya benchi, akazinyoosha.

"Haya, wanangu," alisema, "nani ananipa mkono kwanza?"