Gobole kwa Elikana, Baruti kwa Sendeka

Mzee Elikana wa Msowero alipenda vitu viwili kupita kiasi: gobole lake lenye kibali, na miwani aliyoinunua mnadani mwaka 1992, mitumba ilipoanza kumwagika kila mahali. Miwani ile ilitengenezewa macho ya mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana asubuhi moja alimfyatulia nguruwe pori shambani, na nguruwe akalia kama punda.

Alikuwa punda. Tena wa Sendeka, jirani yake mfugaji. Ncha ya sikio la kushoto ilikwenda.

Kwenye mkutano wa kijiji Sendeka alikuja na punda mwenyewe, awe shahidi.

"Gobole lipelekwe polisi leo hii," alisema.

"Na nyani je?" Elikana akafoka. "Utanilindia mahindi kwa fimbo yako?"

Walibishana mpaka mwenyekiti akachoka, akaketi. Costancia, mke wa Elikana, ndiye aliyewaamua. "Gobole libaki kwetu, baruti ikae kwa Sendeka. Anayetaka kufyatua, akaombe."

Wakakubali, kila mmoja akiamini amemshinda mwenzake.

Wiki iliyofuata nyani wakavamia shamba. Elikana akakimbia hadi kwa Sendeka, anahema.

"Baruti!"

"Shikamoo, mzee," Sendeka akasema taratibu.

"Marahaba. Baruti!"

"Mama hajambo? Na mahindi?"

"Yanaliwa!"

"Pole sana. Seleina, mletee mzee chai."

Mke wa Sendeka alikuwa fundi wa chai ya maziwa. Elikana alikunywa vikombe viwili huku akiwatukana nyani. Aliporudi shambani, walikwisha kushiba na kuondoka.

Safari ya pili akakataa chai, akamburuta Sendeka pamoja na baruti yake. Njia nzima waligombana ni nani ashindilie, kwa makelele ambayo nyani hawakuyavumilia. Wakatimka kabla gobole halijajazwa.

Basi ukawa ndio utaratibu wao. Elikana aliukumbuka mlipuko, lakini aliona haya kukiri kwamba ugomvi ule ulimpendeza zaidi.

Mwaka 1995 akaja askari kukagua silaha. Alichungulia ndani ya mtutu, nyigu akatoka, akamuuma puani.

"Hili mmelifyatua lini mara ya mwisho?" aliuliza, ameshika pua.

"Juzijuzi tu," akasema Elikana.

"Mwongo! Miaka mitatu!" akasema Sendeka.

Wakaanza. Askari akaandika "salama" harakaharaka, akapanda baiskeli yake.