Picha ya Bandari Iliyokufa

Miaka ile ya Zaïre, kupiga picha ya bandari yoyote kulikuwa hatari, hata ya hii yetu ndogo ya ziwani. Ndiyo maana karani wa posta hapa Bukavu alipofungua bahasha aliyotumiwa mwalimu mmoja wa historia, alisita kumkabidhi picha iliyokuwa ndani. Mimi nilikuwa nyuma ya mwalimu kwenye foleni.

« Citoyen, hii iko port? »

« Ndiyo, ya zamani, kule Wales, Ulaya. Walikuwa wanapakia makaa ya mawe mu mashua. Niliiomba juu ya wanafunzi. »

« Nani alitoa autorisation ya kuipiga foto? »

« Papa, ilikufa siku mingi. Muchanga uliijaza. Imebakia ukuta na ile pete ya chuma ya kufungia mashua. Sasa kondoo ndio wanakula majani pale. »

Karani aliutazama mlango wa mkubwa wake, akaifunika pete kwa kidole gumba. Kumbe naye aliogopa kama sisi.

« Basi tuandike mu fomu iko foto ya kondoo, » akanong'ona.

Mwalimu akatia sahihi bila kuinua macho. Karani akanigeukia niwe shahidi.

« Na weye, témoin, unaona nini? »

« Kondoo, » nikasema, nikatia sahihi.

Msomaji anayetaka nimwandikie historia ya miaka ile ajue kwanza shahidi wake ni nani. Picha ile niliitazama vizuri: ukuta, ngazi za mawe, pete ya chuma. Kondoo hakuwapo hata mmoja.