Jasho la Julai

Julai, baridi ya Nyeri ikiwa kali kabisa, mimi nilikuwa natokwa na jasho darasani. Nilifungua madirisha, wanafunzi wakajikunyata ndani ya sweta. Hedhi ilikuwa imeanza kuruka miezi, usingizi umenihama, na mume wangu nilimfokea kwa sababu ya kijiko tu. Daktari wa kwanza hata hakuniangalia vizuri.

"Ni mawazo, mwalimu. Pumzika."

Nilipumzika, lakini sikupata nafuu. Daktari mwingine, huko Kerugoya, ndiye aliyenieleza kwamba homoni zangu zilikuwa zinapungua, hedhi ikielekea kukoma. Dawa zake zilinirudishia usingizi, lakini nilikasirika: muda huo wote nilidhani naingiwa na wazimu.

Nilienda kwa mama, Endarasha, nikamkuta akimenya viazi.

"Mama, wewe pia ulitokwa na jasho hivi?"

"Sana. Nilikuwa nalala nje ya blanketi, baba yako akidhani nimerogwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Hata mimi sikuambiwa."

Nilichukua kisu nikaanza kumsaidia, nikiwa bado na hasira, nisijue nimkasirikie nani.