Kaburi la Festo Aliye Hai

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya simu moja. Mama Sigrada, aliyetupokea shambani kwake karibu na Mafinga tulipopiga filamu, alisema: "Mwanangu, kijana wangu Festo amekuja kutoka machimboni Chunya, ameona kaburi lake, amegeuza akaenda zake. Njoo uondoe kitu chako."

Kazi yangu ni kutengeneza mandhari ya filamu: nyumba, duka, hata jela, kwa mbao na rangi. Sekondari nimeisoma kwa masomo ya jioni tu, lakini kaburi lile, jamani, hata malaika wangelihesabu pamoja na ya kweli! Mbao, magunia, saruji nyembamba juu, na msalaba. Mwongozaji akataka jina. Nikaandika Festo, jina nililomsikia mama akiliombea kila tulipoketi kula kwake. Nililipenda. Sikuuliza ni nani. Tukamaliza, tukaondoka, kaburi likabaki. Mama alinipigia mara tatu nikalivunje, na mara tatu nikamjibu, "Wiki ijayo, mama."

Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda basi. Chimala nilinunua mchele, maana kuomba radhi mikono mitupu ni aibu. Makambako kulikuwa na baridi ya kugandisha chai kikombeni.

Saa nane mchana, baada ya Mafinga na bodaboda iliyonirusha kuliko ndege, nilifika.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umenenepa. Makaburi yanakulisha vizuri."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema majirani waliogopa kuligusa, wapita njia walikuwa wakivua kofia. Festo alikuwa na miaka sita hajakanyaga nyumbani, kwa aibu ya kukosa dhahabu. Jirani aliyekutana naye njiani alisema kwamba alipoliona jina lake alidhani mama amemkatia tamaa, amemzika. Tangu hapo hapokei simu za mama.

Nikachukua jembe. Kazi ya siku nne ilivunjika kabla maji ya ugali hayajachemka. Ndani panya walikuwa wamezaa. Kisha nikampigia Festo kwa simu yangu, nikaweka sauti ya nje.

"Kaka, mimi ndiye niliyekuzika," nilisema, nikamweleza filamu yote.

Festo akasema, "Haya, la filamu. Mbona nilimwona mama analipalilia?"

Mama akaisogelea simu. "Jina lako lilikuwa limeandikwa pale, Festo. Ningeliacha liote majani?"

Tulisikia mtu akipenga kamasi.

"Mama," akasema, "umekula?"

"Ndiyo nasonga ugali."

"Haya. Kula."

Simu ikakatika. Hakusema atakuja lini, na mama hakuniuliza kama nadhani atakuja.

Asubuhi nilirudi Mbeya. Siku hizi siandiki jina kabla ya kuuliza ni la nani. Lakini linaloniuma ni lile jembe: nusu saa tu. Ningekuja kwa simu ya kwanza, Festo angekuta mahindi pale, na mama yake katikati, anapalilia.