Nilivyolilinda jino la utoto ili nipande kiti cha daktari wa meno

Wakuu, habari za humu ndani. Vijana, marahaba hata kabla hamjaniamkia, maana mimi nimezaliwa Mwingereza bado anatutawala.

Nimesoma uzi wa dada mmoja, mwanawe analia hadi kutapika akitajiwa daktari wa meno. Nikaona nilete kisa changu. Sijaongeza chumvi hata punje, daktari wa presha kanikataza.

Sisi tulikuwa tunagombania kwenda kwa daktari wa meno. Ndiyo, mmesoma vizuri.

Kwetu ni Olmotonyi. Baba alifanya kazi kwenye bustani ya miche ya msitu, na kila shule ikifungwa, lori la magogo lilibeba watoto wa wafanyakazi hadi Arusha mjini wakaangaliwe meno. Daktari alikuwa Mhindi mmoja mnene, mpole, mwenye chumba nyuma ya duka la vitambaa.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na KITI.

Aisee, unakaa, daktari anakanyaga chuma hapo chini, kiti kinapanda na wewe juu yake! Binamu yangu Lemali alishakipanda, na tangu siku hiyo akawa hachezi na sisi ambao hatujapanda. Anatuangalia tu kama mtu aliyerudi Ulaya.

Sharti lilikuwa moja: kiti ni cha mwenye jino la kung'oa. Wengine mnaangaliwa mmesimama, mnaambiwa mpige mswaki, next. (Walikuwepo waliojishika shavu na kulia kilio cha uongo. Daktari aliwagonga jino kwa kioo chake, akacheka, akawatoa nje.)

Basi nikiwa na miaka saba, jino langu la mbele la chini likaanza kucheza. Furaha ile sijaipata tena hata siku ya harusi yangu, na mzee wangu akipita hapa anisamehe.

Tatizo likawa Koko.

Koko ni bibi, mama yake baba. Kwetu Waarusha zamani kung'oa meno mawili ya chini ilikuwa mila, na yeye ndiye aliyekuwa fundi. Nusu ya kijiji amewang'oa yeye, baba yangu akiwemo. Akiona jino la mtoto linacheza, mkono unamwasha. Anakuita kwa ndizi mbivu, unafungua kinywa, umekwisha! Jino linarushwa juu ya paa, unaambiwa panya atakuletea jipya. Na kiti ndiyo basi tena.

Nikalificha. Nikawa naongea midomo imebana. Mahindi ya kuchoma nikasema yananiumiza tumbo. Muwa nikakataa, mimi! Makande nikawa natafuna upande. Koko akamwambia mama, "Huyu ana minyoo." Nikanyweshwa dawa ya mizizi, chungu hiyo, nikaimaliza na siri yangu sikutoa.

Siku ya lori ikafika, na wa kutusindikiza akawa Koko huyohuyo. Nikakaa mbali naye.

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Tukiwa tunakaribia mjini lori likaruka, kidevu changu kikagonga ubao wa pembeni, nikasikia kitu kigumu juu ya ulimi.

Jino.

Nililia kama nimefiwa. Lemali akacheka hadi akashika mbavu. "Kiti huna tena!" Koko akanivuta, akanifungua kinywa, na mimi nikamwaga yote: kiti, muwa, minyoo. Nilijua nitachapwa. Badala yake akanifuta damu kwa shuka lake.

Kwa daktari nikaangaliwa nimesimama. "Pengo zuri, jipya linakuja," akasema, akaita mwingine. Siku hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa na jino la kung'oa. Kiti kilikaa kitupu, na roho yangu iliuma, jamani.

Hapo Koko akasogea mbele. Akavuta shavu lake kwa kidole na kuonyesha gego la nyuma, limeoza. Kumbe lilikuwa linamtesa muda mrefu, na yeye pia makande alikuwa anakula upande mmoja! Mganga hajigangi. Kijiji kizima kilimfungulia yeye kinywa, lakini yeye angemfungulia nani?

"Ng'oa hii," akamwambia daktari kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Lakini huyu mtoto nakaa na mimi."

"Mama, mtoto hana jino ya kutoa."

"Mimi iko nayo. Yeye nanishika."

Daktari akacheka hadi tumbo likatikisika. "Haya, kaeni."

Nikakaa mapajani mwa Koko. Daktari akakanyaga. KITI KIKAPANDA!

Watoto mlangoni walipiga kelele, Lemali kinywa wazi. Mimi nikasikia mikono ya Koko imenibana hadi mbavu zinauma, ndipo nikajua anaogopa. Nikamwambia kwa Kimaasai chetu, "Koko, usiogope, hakiangushi mtu."

Akasema, "Mwambie aongeze."

Kikaongezwa hadi mwisho wake. Lemali hakuwahi kufika hapo.

Baadaye nikashushwa, nikamshika mkono, gego likatoka. Hakutoa hata mguno. Wiki nzima alizunguka Olmotonyi shavu limevimba, anawasimulia wanawake wenzake jinsi alivyoinuliwa.

Safari iliyofuata lori lilijaa bibi tupu. Sisi watoto tukaambiwa tusubiri zamu.

Nilichojifunza: mtoto hazaliwi anamwogopa daktari, anafundishwa na sisi. "Ukilia nakuitia daktari akuchome sindano." Acheni hiyo, inatugharimu. Na wewe unayemeza dawa za maumivu mwezi wa tatu sasa huku gego linaoza, mchukue mwanao akakushike mkono.

Haya, wenzangu mliokuwa mnarusha meno juu ya paa, kwenu mlikuwa mnamwomba nani alete jipya? Na nani humu alikwenda kwa daktari wa meno anakimbia, siyo anaburutwa? Nipo nawasoma, miwani iko machoni.