Gauni Lililoshonwa kwa Masikio

Mkitaka kujua tamthilia gani ya siku hizi inafaa kutazamwa, msiwaulize hao vijana wanaojaza maoni kwenye simu. Muulizeni wifi yangu, fundi cherehani. Amezisifu nyingi kuliko wote, na hajatazama hata moja.

Sisemi uongo. Cherehani yake iko dirishani kwa sababu ya mwanga, na televisheni iko ukuta wa nyuma yake kwa sababu huko ndiko kwenye soketi. Macho kwenye sindano, mgongo kwenye tamthilia. Tangu nywele zake zikiwa nyeusi anasikiliza tu, kama redio, na mteja akija kupimwa anapewa hukumu papo hapo: hii tazama, ile achana nayo, ile nyingine msimu wa pili umepooza. Wanakwenda, wanatazama, wanarudi kumshukuru. Mtaa ukampa jina la Mhakiki, naye akalipokea bila haya yoyote.

Riwaya namsomea mimi anapotia vifungo. Darasa la saba la enzi zetu lilifundisha kusoma, si kama sasa. Mwaka huu tumepitia moja nene kama tofali, imesifiwa magazetini, ambamo mwanamume anamenya kiazi kwa kurasa tisini huku akimkumbuka mama yake. Nilivumilia, nikitaka kujua kama kiazi kitaiva. Hakikuiva. Nyingine ilikuwa nyembamba, ya dada wawili wanaouza nyumba ya baba yao na kila mmoja anaficha ufunguo. Hiyo someni. Wifi alisahau kutia vifungo siku nzima.

Basi siku moja akaingia nesi wa zahanati, macho mekundu.

"Fundi, ile tamthilia uliyonisifia nimeimaliza. Nimelia mpaka nimechoka! Sasa naolewa wiki ijayo, nataka gauni lile lile la bibi arusi wa sehemu ya mwisho. Kitambaa chagua wewe, nakuamini."

Hapo mtu mwenye akili zake angesema, "Hebu nionyeshe picha." Wifi yangu akasema, "Lile? Nalijua lile, uzi kwa uzi."

Nesi alipotoka nikamuuliza, "Wifi, umelionea wapi?"

"Nimelisikia."

"Gauni linasikika?"

"Linasikika sana. Bibi arusi anaingia ukumbini, watu kimya. Halafu shaa, shaa, shaa. Hiyo ni satini nzito, na mkia mrefu nyuma. Halafu mama mkwe anaanguka, puu! Gauni jeupe halimwangushi mtu mzima. Ni jekundu hilo."

"Si ugeuze shingo utazame? Televisheni hiyo hapo."

"Nigeuze shingo kama mwanafunzi anayeibia jibu? Wee! Soma riwaya yako."

Nikasoma riwaya yangu. Lakini nilijua kinachokuja. Nesi akiharibikiwa arusini, jina la fundi la maisha mazima linazikwa alasiri moja, na wa kuzika ni wale wale waliompigia makofi.

Siku ya kujaribu, nesi alisimama mbele ya kioo akawaka kama taa ya kusimamishia magari. Mkia wa gauni ulifika mlangoni.

"Fundi, hili ni la nani?"

"La kwako, mwanangu."

"La kwenye tamthilia ni jeupe. Fupi. Halina mkia."

"Na ile shaa, shaa?"

"Shaa ipi?"

Nesi akatoa simu, wifi akavaa miwani. Kumbe nje ya ukumbi kuna mzee anafagia majani. Mama mkwe naye kajikwaa kwenye zulia tu. Lakini kilichomshtua wifi si gauni; akamnyooshea kidole bwana arusi wa kwenye tamthilia.

"Huyu ndiye mwenye ile sauti? Huyu mwenye shingo ya kuku aliyenyonyolewa? Misimu mitatu nimempenda *huyu*?"

"Fundi, hukuwahi kuitazama?" nesi akauliza taratibu.

"Nimeisikiliza. Simamisha hapo! Hiyo zipu mbona imevimba mgongoni? Na pindo limekwenda upogo! Aliyeshona hili alikuwa anakimbia mvua."

Nikashusha pumzi. Nilidhani tumeokoka, kwamba binti ataziona kasoro hizo na kulikataa gauni lile. Nesi akaitazama picha kwa mapenzi.

"Hivyo hivyo ndivyo ninavyolitaka. Na zipu ivimbe."

"Mwanangu, nakushonea jeupe, fupi, lakini zipu ilale."

"Ikilala si lile tena. Wewe ndiye uliyeniliza, fundi. Usiniangushe."

Sijawahi kuona mwanamke akifanya kazi kwa mateso namna ile. Mkono wake ulikuwa unanyoosha wenyewe. Akishtuka pindo limenyooka, anafumua, anashona upya upogo. Zipu aliivimbisha huku amefumba macho. Lile jekundu akaligeuza mapazia, na sasa chumba kizima kinaonekana kama tumepata ajali.

Arusini watu walipiga kelele. "Lile lile! Kama la kwenye tamthilia kabisa!" Kila simu ikainuliwa. Wengine walipiga picha mgongo tu.

"Nani kashona?" wakauliza.

Nesi akanyoosha shada la maua kuelekea kwetu. Wifi akajificha nyuma yangu, na mimi nilivyo mwembamba, alijificha bega moja.

Shangazi yake bwana arusi, mama wa haja aliyejaa mlango, akatufuata mpaka kwenye viti.

"Fundi, hongera! Na mimi nishonee kama hilo. Ila zipu yangu ivimbe zaidi kidogo."

Wifi akakunja uso kama aliyeambiwa ameze sindano. Kisha akafungua mkoba, akatoa utepe wa kupimia.

"Inua mikono, shangazi."