Kupe Aliyenichekesha

Nilikuwa nesi katika zahanati ya shamba la chai karibu na Mogogosiek, na nilikuwa na mdomo. Mchuma chai akija na "mwili yote inauma," nilikuwa nimeshaandika malaria kabla hajaketi. Mara nyingi nilipatia, maana miaka hiyo ya tisini malaria ilipanda mpaka kwenye milima yetu. Sisi wenyeji ilitulaza hoi, wakati wenzetu waliotoka kando ya ziwa waliugua siku mbili wakarudi kuchuma. Hapo ndipo ningepaswa kujifunza kwamba ugonjwa mmoja hauji na sura moja kwa kila mtu. Sikujifunza.

Ndugu yangu mdogo alikuwa Amerika, kwenye chuo cha upande wa baridi, akilipiwa masomo kwa sababu ya mbio. Julai alikuja likizo na homa na kichwa kinachogonga. Nilimpa dawa ya malaria. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Sista, kule tukikimbia msituni nilitoa kupe hapa kwa paja. Hiyo inaweza leta shida?"

Nilicheka mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuka. "Kupe? Basi Jumatano nitakupeleka dip uogeshwe dawa na ndama za mama."

Kwetu kupe ni adui wa ng'ombe. Tangu utotoni tulimng'oa mguuni, tukamponda kwa jiwe, tukaendelea na safari. Nani aliwahi kulazwa kwa sababu ya kupe? Ndugu yangu naye akacheka kidogo, na hakumtaja kupe tena, hata baadaye tulipompeleka kwa daktari wa mjini. Nilimtia aibu, na aibu ikamfunga mdomo.

Agosti uso wake ukalala upande mmoja, chai ikawa inamtoka pembeni mwa mdomo. Mama akasema ni upepo wa baridi, akamfunga shuka kichwani. Septemba, wiki ya kurudi chuoni, goti likavimba. Damu ilipimwa mara tatu, hakuna kitu. Nikampa tena dawa ya malaria, kwa sababu sikutaka kusema sijui. Chuo kilingoja hadi Oktoba, kisha nafasi yake ikaenda kwa mwingine.

Novemba ikaja barua kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja. Naye aliumwa na kupe kwenye msitu ule ule. Mgongoni palitokea duara jekundu, pana kama sahani, na daktari wa huko akalitambua siku hiyo hiyo kuwa ni ugonjwa unaoletwa na kupe. Alimeza dawa, akapona. Aliuliza kama ndugu yangu yuko salama.

Ndugu yangu alikunja kaptula yake, akaligeuza paja kwenye mwanga wa mlangoni.

"Hapa palikuwa na joto, pakawasha," alisema. "Lakini hiyo red, kwa ngozi yetu, ungeiona wapi?"

Nilimpelekea barua daktari wa mjini. Aliisoma mara mbili, akaandika dawa. Dawa yenyewe ilikuwa kwenye rafu yangu tangu kabla ya Julai, kopo zima. Nilikuwa nikiwapa watu wenye majipu.

Aliimeza wiki nne bila kuruka hata siku moja. Uso ulinyooka, maumivu yakaisha, lakini goti lilikataa kukunjika sawasawa. Mbio zikaishia hapo. Nilijiapiza mara nyingi kumwomba msamaha, na kila nilipomwona akishuka ngazi za nyumba kwa mguu mmoja mgumu, nilikuta nina kazi jikoni.

Desemba mama alitoa shukrani kanisani. Alisimama mbele na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akalia, akasema mimi binti yake ndiye niliyetambua ugonjwa ulioshinda madaktari, na bila mimi angemzika mwanawe. Mchungaji akaniambia nisimame. Watu wakapiga makofi, na ndugu yangu, mguu ameunyoosha kwenye njia kati ya viti, akapiga makofi pamoja nao huku akinitazama.

Nikasema, "Bwana asifiwe." Kisha nikaketi.